Madam Aliyechochea Pombe

Wanaosema Madam alikuwa mpika chang'aa wakae kitako wanisikilize, na asiyetaka kusikiliza shauri yake. Nimefundisha Kiswahili katika shule moja ya hapa Amagoro tangu nilipokuwa msichana wa kuogopa ubao, na kwa miaka mingi meza yangu katika chumba cha walimu ilikuwa imegusana na meza yake. Yeye alifundisha kemia. Mimi aliniita Kiswahili, kana kwamba nilizaliwa na somo langu mgongoni. Mimi nilimwita Madam, kama walivyomwita wanafunzi, walinzi wa lango na wauza ndizi wa Malaba. Jina lake ninalijua. Silitaji kwa sababu wengine wamelitaja vya kutosha, na vibaya.

Kisa chenyewe ni kifupi ukikisikia kwa wambea. Madam alinunua chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, akaipitisha kwenye makaa yake, na kanisa likamtaka atubu. Neno moja tu: nimetubu. Akakataa. Na kwetu, muumini aliyewekwa chini ya nidhamu asipotubu, siku akifa mwili wake hauingizwi kanisani, kwaya haiji, na mchungaji anakuwa na safari ya ghafla. Unafukiwa na jamaa zako kama mtu aliyekuwa akipita njia. Madam alilijua hilo kuliko wote, maana alikuwa ameimba sauti ya pili kwenye mazishi mengi ya Amagoro na aliwahi kuona matanga ya watu wa namna hiyo. Bado alikataa, na mimi nataka ijulikane alikataa nini.

Alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu, na nyusi zake hazikuwahi kulingana, kwa kuwa ile ya kushoto iliungua kila ilipoanza kupendeza. Koti lake la maabara lilikuwa na matundu ya asidi, na juu ya koti alifunga leso, hata siku ya wageni. Mfukoni alibeba njugu za maganda. Alizitafuna darasani, jambo ambalo mwanafunzi angelifanya angekiona cha mtema kuni, na maganda aliyarudisha mfukoni kwenda kuyachoma makaa. Siku moja nilimuuliza mbona anavunja sheria yake mwenyewe.

"Mimi nakusanya malighafi," akasema. "Wewe unakula tu."

Sitaki kumpaka asali. Alikuwa mkali, mwenye makuu kidogo, na alipenda kushinda mabishano hata pale alipojua amekosea. Hakujibu salamu kabla ya chai ya saa nne. Mwanafunzi akimletea jibu sahihi bila kujua limetoka wapi, alimrudishia daftari na kumwambia, "Usiniletee kitu hujakigombania." Akipita mahali panaponuka, wengine tunaziba pua, yeye alisimama akavuta hewa. "Kitu kikinuka, kiulize kwanza," alisema, na alituchelewesha njiani kwa ajili ya mitaro, mizoga na magari mabovu. Nilimpenda sana. Siku nyingine nilitamani kumtupia chaki.

Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu huku bara, cha kwenda moja kwa moja, na mimi kazi yangu ilikuwa kukinyoosha.

"Hii makaa imeiva," anasema.

"Haya makaa yameiva, Madam."

"Makaa haijui ngeli, Kiswahili. Inajua joto."

Mambo haya yote yalianzia kwenye ndizi. Mnajua bogoya, zile ndizi za kuliwa mbivu, zinavyovuka mpaka pale Malaba, mbichi, kijani, zimepangwa kwenye magari hadi juu. Mteja wa upande wetu hataki kusubiri ndizi iive kwa hiari yake. Basi wauzaji walizifunika kwa turubai na kutia kati yake kabaidi, yale mawe ya kijivu ambayo mafundi wa kuchomelea vyuma hutumia. Kabaidi ikipata unyevu hutoa gesi, na ndizi inageuka rangi haraka. Madam aliuma ndizi ya namna hiyo wakati wa chai. Nje ilikuwa njano kama kiini cha yai. Ndani ilikuwa ngumu, na ilinuka karakana.

Aliitema kwenye kiganja, akaiangalia kwa muda mrefu. Alasiri hiyohiyo alinivuta tukapanda boda boda hadi Malaba. Nilidhani anaenda kugombana. Hakugombana. Aliinama chini ya turubai, akavuta hewa, akauliza. Mwenyekiti wa akina mama wauza ndizi, mama mnene mwenye sauti ya taratibu, alimwonyesha mikono yake. Ngozi ya vidole ilikuwa ikibambuka.

"Inachoma," mama yule akasema. "Lakini tufanyeje? Mteja anataka rangi."

"Ndizi inaiva kwa pumzi yake yenyewe," Madam akamwambia. "Ikianza kuiva inatoa gesi kidogo, na hiyo gesi inaamsha ya jirani. Mimi naweza kuwatengenezea hiyo gesi, ile safi. Nyinyi nipeni chumba, mimi nitafute pombe."

Akina mama walicheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani ni utani wa walimu.

Haukuwa utani, na hapa ninaomba uvumilivu wenu, kwa sababu wengi wamemhukumu bila kutaka kuelewa kitu ambacho Madam aliweza kukieleza kwa mtoto wa kidato cha pili. Pombe ina maji ndani yake, na simaanishi maji ya kuchanganyia. Ni maji yaliyofungwa ndani ya kile kileo chenyewe, vipande vyake vimeshikana na vingine. Ukiinyang'anya maji hayo, kinachobaki ni ile gesi ya kuivisha ndizi. Si pombe tena, huwezi kuinywa, huwezi kulewa. Tatizo ni kwamba pombe haikubali kunyang'anywa hivihivi. Inataka kitu cha kuisukuma. Na kitu hicho kwa Madam kilikuwa makaa.

Makaa yenyewe hayakuwa ya kupikia ugali. Alichoma magunzi ya mahindi ndani ya debe lililofungwa yasipate hewa, akayaponda, akayaloweka kwenye asidi, akayaoka tena, akayaosha na kuyakausha. Yalitoka mepesi, yamejaa vitundu ambavyo jicho halivioni, na ndani ya vitundu hivyo asidi imejishikiza na haitaki kutoka. Aliyashindilia kwenye bomba la chuma, akalipasha bomba joto, akapitisha mvuke wa pombe upande mmoja. Upande wa pili ilitoka gesi na maji. Ukisema kwa maneno ni rahisi. Alihangaika nayo muda mrefu. Magugu ya majini aliyoletewa kutoka Budalang'i yalimpa majivu tele na makaa kiduchu. Maganda yake ya njugu yalikuwa hafifu. Makaa ambayo hakuyatia asidi yaliibia pombe kitu kingine badala ya maji, na kilichotoka kilituchoma macho tukakimbilia nje.

Na iko siku ya etha. Alikuwa bado akijaribu shuleni, kwenye chumba kilichopakana na chetu, na bomba halikupata joto la kutosha. Joto likipungua, pombe haifiki kwenye gesi, inaishia njiani na kuwa etha, ile dawa ya usingizi ya zamani. Mwalimu wa historia alikuwa anasahihisha mitihani. Nilimwona akitabasamu bila sababu, halafu akaweka shavu juu ya karatasi. Mimi nilikuwa nacheka, sijui nacheka nini. Madam aliingia na leso mdomoni, akafungua madirisha kwa vishindo na kutusukuma nje mmoja mmoja, akilaani kwa neno moja tu, "Etha. Etha!" Hakutuomba radhi. Aliudhika na bomba. Lakini kuanzia siku ile alihamisha vyombo vyake vyote kwenye kibanda cha mabati huko Malaba, nyuma ya chumba cha kuivishia ndizi walichompa akina mama, vyombo nje na ndizi ndani, gesi ikipita ukutani kwa mpira mwembamba, na moto ulikuwa marufuku kuvuka kizingiti.

Ndizi ziliiva. Ziliiva sawasawa, njano mpaka ndani, laini, tamu, na mikono ya mwenyekiti ikapona. Hilo halisimuliwi na wambea.

Basi pombe aliipata wapi? Aliipata palepale ambapo walevi huipata, kwa mama mmoja mjane aliyeipika kando ya mto. Na hapa ndipo mnapotakiwa kumjua Madam vizuri. Hakuna mtu Amagoro aliyeichukia pombe kama yeye. Hata dawa ya kikohozi aliinusa chupa kwanza, na ikiwa na kileo aliirudisha dukani. Alipofika kwa yule mjane alianza kumhubiria akiwa bado kwenye boda boda, kwamba anaua wana wa watu, kwamba atajibu siku ya kiama. Mjane alimsikiliza hadi mwisho, akamwekea kigoda, wakanywa chai ya maziwa pamoja na kuulizana habari za magoti. Halafu Madam aliondoka na dumu.

"Kila dumu nabeba mimi, mlevi habebi," aliniambia. "Hiyo hesabu hata wewe wa ngeli unaweza."

Na kabla dumu halijafika barabarani alilitia maji ya mwarobaini, machungu kuliko dhiki. Kwa bomba lake haikudhuru, kwa kuwa mvuke unapanda peke yake na uchungu unabaki chini ya chombo. Kwa koo la mtu ilikuwa haimezeki. Aliniambia nijaribu kwa ncha ya ulimi. Nilijaribu. Nilipata chakula cha jioni kwa shida.

Sasa tuje kwenye neno. Wapo wanaosema mimi ndiye niliyemponza, kwa sababu neno nilimpa mimi. Sikubali, na sijutii. Aliniuliza kwa Kiswahili kitu kinachoharakisha mabadiliko ya kemikali kinaitwaje, nikamwambia kinaitwa kichocheo. Hilo ndilo jina lake, limo vitabuni. Alilifurahia mno. Alilirudia chumba kizima cha walimu, kichocheo, kichocheo, na akaenda nalo Malaba. Jumamosi moja alikuwa akiwafundisha akina mama kuyabadilisha makaa bombani, akashika konzi ya makaa na kusema kwa ile sauti yake ya darasani, "Hii makaa ndiyo kichocheo. Bila hii, pombe inalala tu. Hii ndiyo inaichochea."

Mwimbaji mmoja wa kwaya yetu alikuwa hapo nje ananunua ndizi, akasikia.

Huku kwetu, jamani, kuchochea ni kazi ya mpika chang'aa. Ni kusukuma kuni chini ya pipa. Na redioni, mchochezi ni yule mwanasiasa anayetafutwa na polisi. Neno likasafiri kutoka Malaba hadi Amagoro, na kila lilipofika liliongezewa mzigo. Kwanza Madam anachochea pombe. Halafu anachochea pombe kwa asidi. Ilipofika Jumapili, Madam alikuwa anatia asidi kwenye chang'aa ili iwe kali, awauzie vijana na madereva. Watu wameshawahi kufa na kupofuka kwa pombe za kutiwa vitu. Haikuwa kashfa ndogo.

Nilimkimbilia. Nikamwambia, "Madam, badilisha neno. Sema kiharakishi. Sema dawa. Sema chochote."

"Umenipa neno zuri," akasema, "sasa unataka kuninyang'anya kwa sababu mtu alilisikia vibaya akiwa na ndizi mdomoni?"

Aliitwa mbele ya wazee wa kanisa katika kile chumba kidogo cha nyuma, baada ya ibada. Mimi nilienda kama shahidi wake. Aliyeongoza ni mzee wa kanisa ambaye mtamsikia tena katika habari hii, mtu mpole, msema chini. Mdogo wake alipofushwa na pombe mbaya, naye ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumleta ibadani. Nasema hivyo ili msimwone mtu mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na kidonda, na neno lile lilikigusa.

"Madam, unanunua chang'aa?" akamuuliza.

"Nanunua."

"Unaiweka kwenye moto?"

"Naiweka."

"Na unaichochea?"

"Makaa ndiyo inaichochea, mzee."

"Basi," akasema mzee, na kuwatazama wenzake.

"Basi nini? Niulize inageuka kuwa nini."

"Pombe ikichochewa inakuwa pombe, Madam. Sisi ni watu wa hapa. Tunajua."

Madam akafungua mkoba wake akatoa chupa, akaiweka katikati ya meza, kando ya vikapu vya sadaka. "Hii ndiyo ile ile naweka kwa bomba," akasema. "Nimetia mwarobaini. Hakuna mlevi anaweza kumeza. Onja, mzee. Mtu yeyote hapa aonje. Akiweza kumeza, mimi natubu sasa hivi, kwa magoti."

Natamani mngeziona nyuso zile. Ushahidi wote ulikuwa ndani ya chupa, na njia pekee ya kuupokea ilikuwa mzee wa kanisa anywe chang'aa ndani ya kanisa, mbele ya wenzake. Chupa ilizunguka meza kwa ncha za vidole. Mmoja wao, ambaye sote tumemwona kwenye sherehe akiwa ameshika mrija mrefu kwenye chungu cha ajono, pombe ya wimbi, alianza kuchunguza dari. Mwingine alinusa kwa mbali akasema, "Hii ni ya kando ya mto," kisha akagundua alichosema, akapatwa na kikohozi. Mimi nilicheka. Nikaombwa nitoke nje, nikatoka, bado nacheka.

Nilipoitwa kurudi hakukuwa na la kuchekesha. Madam aliwekwa chini ya nidhamu. Asishiriki meza ya Bwana, asiimbe na kwaya, asishike nafasi yoyote, mpaka atakapotubu hadharani kosa la kushughulika na pombe. Chupa ilikuwa bado imejaa juu ya meza.

Watu walitegemea ahame kanisa. Makanisa yamejaa, si angeenda jirani tu, kama wanavyofanya wengine wakikosana na mchungaji kuhusu viti? Yeye alihamia benchi la mwisho. Kila Jumapili, mvua au jua, alikaa karibu na mlango, amefunga leso, na kwaya ilipoanza aliimba sauti yake ya pili kutoka kule nyuma. Hawakuweza kumzuia, kwa kuwa nidhamu ilisema asiimbe na kwaya, na yeye aliimba na waumini. Sauti ya pili ilisikika vizuri kutoka nyuma kuliko ilivyosikika mbele. Mwalimu wa kwaya alinong'ona kwangu kwamba ndiyo iliyowashikilia wasipotee. Meza ya Bwana ilipoandaliwa na wengine wakasimama, alibaki ameketi, mikono magotini, uso umeinuliwa. Mimi nilipita mbele yake kila mara. Nilimwambia siku moja kwamba nami nitaacha kushiriki mpaka wamrudishe.

"Usinifanyie mgomo," akasema. "Wewe una njaa yako, nenda ukale."

Mchungaji alihubiri siku moja kwamba Mkristo awe kichocheo, abadilishe jamii naye asibadilike, kama tunavyosoma kwenye sayansi. Nadhani alikusudia kumpoza. Madam alimngoja mlangoni mbele ya watu wote. "Mchungaji, kichocheo kinabadilika," akamwambia. "Kinaziba. Masizi inajaa kwa vitundu, kinachoka, kinaacha kufanya kazi. Lazima ukitoe ukichome upya, ama utabaki na jivu." Mchungaji alisema amina.

Mzee wa kanisa alimtembelea mara nyingi. Alikuja kwa heshima, akakaa, akanywa chai. "Sema tu umetubu kwa jumla, Madam," alikuwa akimwambia. "Nani hana dhambi?"

"Kwa dhambi zangu natubu kila Jumapili, mzee, na ziko nyingi. Wewe unataka nitubu kwa kemia."

Hivyo ndivyo miaka ilivyokwenda. Alistaafu akahamia nyumba yake ndogo njia ya kutokea Amagoro. Akina mama wa Malaba waliendelea kuchoma magunzi wenyewe, na walikuwa wamefika mahali pa kumkosoa.

Juzi juzi, kabla ya mvua hizi, kifua kilimshika na hakikumwachia. Hospitali walimtibu wakachoka, wakamrudisha nyumbani kwa dada yake amwangalie. Mzee wa kanisa alinifuata shuleni. Amezeeka sasa, anatembelea fimbo. "Twende wote, Mwalimu," akasema. "Mimi hanisikii. Wewe atakusikia. Sitaki kumzika kama mtu asiye na mwenyewe."

Ilikuwa adhuhuri. Uani kulikuwa na mahindi yameanikwa kwenye turubai, na dada yake alikuwa akiyageuza kwa mguu bila kuyaangalia. Madam alituma neno kwamba hapokei mzee wa kanisa akiwa amelala chali, kwa hiyo mzee akapewa kiti cha plastiki kivulini na mimi nikaingia peke yangu.

Alikuwa amepungua hata mto ulionekana mkubwa. Aliniuliza kwanza habari za Malaba, ndizi zinaiva, bomba limezibuliwa lini. Nilijibu. Halafu nikashindwa kuendelea na mambo ya bomba, nikapiga magoti kando ya kitanda, nikamsihi. Ndiyo, nilimsihi, na machozi yalinitoka.

"Madam, ni neno moja tu."

"Wewe unafundisha maneno," akasema, akipumua katikati ya kila moja. "Neno moja ni kidogo?"

"Kwa ajili ya dada yako."

Alifunga macho nikadhani amesinzia. "Mimi naogopa, Kiswahili," akasema. "Usidhani siogopi. Naogopa kuzikwa kimya hivyo, watu wanaangalia viatu. Lakini hebu niambie. Nikisema nimetubu, wale akina mama wa Malaba kesho asubuhi watakuwa wanafanya nini?"

"Watakuwa wanachoma magunzi," nikasema.

"Watakuwa wanafanya dhambi yangu. Nusu yao wanasali kwa kanisa hilohilo. Leo hakuna mtu anawagusa, kwa sababu kesi bado ni ya Madam na Madam amekataa. Nikitubu, kesi imekwisha, na kitu kimeshaitwa dhambi na mwenyewe. Watawaita mmoja mmoja kwa hicho chumba. Watarudi kwa kabaidi." Akafungua macho. "Sasa nenda. Umwambie vile nimesema."

Nilimshika mkono mpaka alipoutoa mwenyewe, kisha nikatoka.

Dada yake alinidaka mlangoni kabla macho yangu hayajauzoea mwanga. Alinishika viwiko vyote viwili. "Mwalimu, mwambie mzee amekubali," akanong'ona. "Nakuomba. Mimi ndiye nitabaki hapa na hawa watu. Nitamzika vipi?"

Mzee alikuwa amekwisha simama, anaegemea fimbo. Aliona uso wangu akajua, na macho yake yalijaa maji. Nasema tena hakuwa mtu mbaya. Alisogea karibu, akainamisha kichwa ili dada mtu asisikie, ingawa alisikia.

"Mwalimu," akasema taratibu, "mgonjwa wa kifua hawezi kusema. Kanisa linalielewa hilo. Kama alitikisa kichwa tu, inatosha. Wewe sema alitikisa kichwa. Nitakuamini, na hakuna mtu atakuuliza zaidi."

Ilikuwa rahisi mno. Dada yake alikuwa bado ameshika kiwiko changu. Nikawaza kwaya, nikawaza kengele, nikawaza Madam amelazwa ndani ya kanisa mbele kabisa, mahali alipofukuzwa. Nikawaza na mikono ya akina mama wa Malaba. Dirisha la chumba chake lilikuwa wazi nyuma yangu, na ndani kukohoa kulikuwa kumenyamaza.

Nikasema kwa sauti yangu ya darasani, ile ya kufika dawati la nyuma kabisa, ili aliye kitandani naye asikie:

"Hakutikisa kichwa. Amekataa, mzee, na akili zake zote anazo."